Barbara Jordan wa Texas: sauti ilimpa jina, kiti alikipata kwa hesabu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Houston, Texas, nafanya kazi ya kutunza wazee. Binti yangu yuko sekondari na amepewa kazi ya kuandika habari za Barbara Jordan, wakili aliyegeuka kuwa mbunge wa jimbo. Nimekaa naye tukasoma, na kila mahali wanasifu sauti yake tu, kwamba akisimama kuhutubia watu wanatulia tuli. Nina maswali matatu. Je, kweli sauti ndiyo iliyomtoa kwenye uwakili ikampeleka bungeni? Huo "ubunge wa jimbo" ni nini hasa, maana kwetu kila mbunge ana jimbo lake? Na uwakili aliuacha au aliendelea nao?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na hongera kwa kukaa na binti juu ya daftari baada ya zamu. Naomba nianze na swali la pili, kwa sababu neno "jimbo" limeshanikoroga mara nyingi hata mimi ninayekula mkate kwa mambo haya ya katiba.

Nyumbani jimbo ni eneo la uchaguzi: Kilombero, Ubungo, Muheza. Kenya huita eneo bunge. Wamarekani wana maeneo ya namna hiyo pia, ila kile tunachokiita "jimbo la Texas" ni kitu kingine, ni kama nchi iliyo ndani ya nchi. Ina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake linalokaa mjini Austin. Bunge hilo lina maseneta 31 na wawakilishi 150, nao hutunga sheria za Texas: mishahara ya kima cha chini, shule, polisi, leseni, talaka, na hata mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Ukitaka mfano wa nyumbani ulio karibu, mfikirie mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Sheria zake ni za Zanzibar, na Dodoma kuna bunge jingine. Mfano haukai sawasawa, lakini unatosha kwa daftari la binti.

Barbara Jordan alikaa kote kuwili. Kuanzia Januari 1967 hadi mwanzoni mwa 1973 alikuwa seneta wa Texas, pale Austin. Kisha akaenda Washington kuwa mbunge wa taifa zima hadi Januari 1979. Hotuba zinazopigwa kwenye video ni za kipindi cha Washington, na ndiyo maana miaka sita ya Austin husahaulika. Mimi naona kwa kazi yenyewe miaka ile ya Austin ndiyo yenye nyama.

Sasa swali la uwakili. Hakuuacha, na hapo hakuwa na maajabu yoyote. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida mara moja kila miaka miwili, katika mwaka witiri, kwa siku zisizozidi 140. Wakati wake mshahara ulikuwa dola 4,800 kwa mwaka. Mtu haishi kwa fedha hiyo, hata kwa bei za wakati ule. Leo ni dola 600 kwa mwezi, na haujapanda tangu 1975. Kwa hiyo bunge la namna hiyo hujaa watu ambao kazi yao inaweza kuwangoja: wenye ranchi, wafanyabiashara, na mawakili wengi. Wakili anafunga faili Januari, anakwenda Austin, anarudi Juni anafungua faili. Texas ina sheria kabisa inayomruhusu wakili aliye mbunge kuomba kesi yake iahirishwe bunge likiwa linakaa. Utacheka nikikwambia kwamba wapo wateja waliowahi kumtafuta wakili mbunge kwa sababu hiyo tu, ili kesi ichelewe.

Basi twende kwenye lile kubwa, la sauti.

Alizaliwa Houston tarehe 21 Februari 1936, katika Fifth Ward, mtaa wa Weusi. Binti yako anaweza kwenda kuuona, hauko mbali na katikati ya mji. Baba yake, Benjamin Jordan, alikuwa karani wa ghala na mchungaji wa Kibaptisti. Mama yake, Arlyne, alisifika kanisani kwa kuhutubia kabla hajaolewa. Watoto walikuwa watatu, wote wasichana, yeye wa mwisho. Kwa hiyo ndiyo, sauti ilikuwapo tangu mwanzo. Akiwa sekondari ya Phillis Wheatley alikuja kuzungumza shuleni kwao mwanasheria mwanamke Mweusi kutoka Chicago, Edith Sampson, na msichana yule akaamua siku ileile kwamba atakuwa wakili.

Alisoma Texas Southern University. Mwambie binti asipite haraka hapa. Chuo kile serikali ya Texas ilikifungua mwaka 1947 kwa sababu Mweusi mmoja, Heman Sweatt, alikuwa ameomba nafasi kwenye shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Texas kule Austin. Kuliko kumpokea, jimbo likaona heri lijenge chuo kizima pembeni. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua apokelewe, lakini chuo cha Houston kikabaki, na ndicho alichoingia Barbara. Pale mwalimu wa midahalo, Thomas Freeman, aliinoa sauti yake. Timu yao ilitoka sare na timu ya Harvard. Alimaliza 1956 akiwa na alama za juu, akaenda kusoma sheria Boston University.

Boston ilimshtua. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alijikuta anafidia miaka 16 ya kutofundishwa kufikiri. Kwao alikuwa amezoea kusimama na kunguruma, na watu wanapiga makofi. Darasani Boston ukinguruma mwalimu anakutazama tu, kisha anakuuliza: hoja yako ni ipi, na inasimama juu ya kifungu gani? Darasa zima wanawake Weusi walikuwa wawili. Alikesha na vitabu, akamaliza 1959, akapata leseni ya uwakili Massachusetts na Texas. Akafundisha mwaka mmoja Tuskegee, Alabama, kisha akarudi nyumbani Houston mwaka 1960.

Ofisi yake ya kwanza ilikuwa meza ya kulia chakula ya wazazi wake. Si methali hii, ni meza kweli. Mteja anaingia, sahani zinaondolewa, karatasi zinawekwa. Kodi ya chumba cha ofisi hana, na wateja wenye pesa hawamjui. Mwaka huohuo wa 1960 alikwenda kujitolea kwenye kampeni ya John Kennedy na Lyndon Johnson, akapewa kazi ya kulamba bahasha na kupanga majina mtaa kwa mtaa, nani kajiandikisha na nani bado. Jioni moja msemaji aliyetarajiwa kanisani hakutokea. Wakamsimamisha yeye. Kuanzia hapo hawakumrudisha kwenye bahasha.

Hapa ndipo watu wengi wanapoifunga hadithi: alisimama, akanguruma, akachaguliwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1962 aligombea nafasi kwenye Bunge la Wawakilishi la Texas, sauti ileile, akashindwa. Mwaka 1964 akagombea tena, akashindwa tena. Mwaka 1966 akagombea Seneti, akashinda kwa karibu kura mbili kwa kila moja ya mpinzani. Je, sauti ilinenepa kati ya 1964 na 1966? Haikunenepa. Vilivyobadilika ni vitu viwili, na vyote viwili viko kwenye vitabu vya sheria.

Cha kwanza ni ramani. Alipogombea mara zile mbili, wawakilishi wa Harris County, ndiyo kaunti ya Houston, walichaguliwa na kaunti nzima. Kila mgombea alipigiwa kura na kila mtu, kutoka mtaa wenu hadi mashamba ya mwisho wa kaunti. Weusi wa Fifth Ward wangeweza kumpa kura zao zote na bado akamezwa na kura za Wazungu waliokuwa wengi. Seneti nayo ilikuwa mbaya zaidi. Katiba ya Texas ilikataza kaunti yoyote kuwa na seneta zaidi ya mmoja. Mwaka 1960 Texas ilikuwa na watu 9,579,677. Ukigawa kwa maseneta 31 unapata kama watu 309,000 kwa kila seneta. Harris County peke yake ilikuwa na watu 1,243,158. Mpe binti kikokotoo agawe mwenyewe: Houston na viunga vyake walistahili maseneta wanne, walikuwa na mmoja. Wale watatu waliopungua walikuwa wamekaa huko vijijini, kwenye kaunti zenye ng'ombe wengi kuliko watu.

Tarehe 15 Juni 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, iliyotoka Alabama. Iliamua kwamba mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo lazima yagawanywe kwa idadi ya watu, mtu mmoja kura moja. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge huwakilisha watu, hawawakilishi miti wala ekari. Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho ikalitupa lile katazo la Texas, na bunge likalazimika kuchora mipaka upya. Houston ikakatwa vipande. Kimoja kikaitwa Wilaya ya 11 ya Seneti. Jordan akachukua matokeo yake ya 1962 na 1964, kituo kwa kituo, akayalaza juu ya ramani mpya. Karibu kila mtaa aliokuwa ameongoza, ingawa kwa kaunti nzima alishindwa, ulikuwa umekusanywa ndani ya mstari mmoja: Weusi, Wamarekani wenye asili ya Mexico, na Wazungu wafanyakazi wa vyama vya wafanyakazi.

Cha pili ni kodi ya kura. Babu zetu waliijua kodi ya kichwa ya mkoloni, na Kiingereza huita zote mbili kwa jina lilelile. Ila ya Texas ilikuwa na mtego wake: asiyelipa hapigi kura. Kwa jimbo ilikuwa dola moja na nusu, kaunti nayo ikaongeza chake, na ilipaswa kulipwa kabla ya Januari kwisha, miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, wakati hakuna anayewaza siasa. Mfua nguo wa Fifth Ward aseme nini, anunue chakula au anunue haki ya kupiga kura ya mwezi Mei? Marekebisho ya 24 ya Katiba ya Marekani yaliifuta mwaka 1964 kwa chaguzi za taifa, Texas ikaing'ang'ania kwa chaguzi zake za ndani. Februari 1966 mahakama ya shirikisho ikaifuta hata huko. Uchaguzi wa Jordan ulikuwa miezi mitatu baadaye.

Na kabla ya hapo kulikuwa na mlango mwingine ambao uliwahi kufungwa kabisa. Texas ya zamani ilikuwa ya chama cha Democratic peke yake, ukishinda kura za maoni, au mchujo kama wasemavyo Wakenya, Novemba unakwenda kukamilisha tu. Chama kikasema mchujo ni wa Wazungu pekee. Daktari wa meno wa hapo Houston, Lonnie Smith, alinyimwa karatasi ya kura mwaka 1940, akashtaki, na Thurgood Marshall akamtetea hadi Mahakama ya Juu. Akashinda 1944. Barbara alikuwa na umri wa miaka minane, na kesi imetoka mjini kwao.

Mchujo wa Mei 1966 mpinzani wake alikuwa Charles Whitfield, mbunge Mzungu mwenye msimamo wa kiliberali, mtu ambaye kwa mambo mengi walipatana. Alipoona maji yamemfika shingoni akasambaza kipeperushi kilichouliza kama Mzungu anaweza kushinda katika wilaya ile. Jordan alipanda jukwaani akawajibu watu wake kwa ufupi: safari hii, hapana. Sauti ilifanya kazi hapo, sikatai. Lakini alikuwa pia amewatumia wapiga kura kwa posta mfano wa karatasi ya kura, ili kila mama ajue jina liko wapi kabla hajaingia chumbani.

Aliapishwa Januari 1967. Seneti ya Texas haikuwa na Mweusi tangu 1883. Viti 31, wanaume 30, na yeye. Watu walijaa kwenye roshani kutazama. Ungetegemea aanze na hotuba ya moto. Alikaa kimya akasoma kanuni.

Hapa naomba nishuke hadi sakafuni, kwa sababu ndipo wakili anapoonekana. Seneti ya Texas ilikuwa na desturi moja ya ujanja. Miswada hupangwa foleni kwenye orodha, na mswada wa kwanza kabisa huwa kitu kisicho na maana, kinachoachwa hapo makusudi, kama gogo lililolazwa njiani. Haupitishwi wala hauondolewi. Kwa hiyo kila mswada mwingine, ili ujadiliwe, lazima uruke foleni. Kuruka foleni wakati ule, na hadi mwaka 2015, kulihitaji thuluthi mbili ya maseneta. Kati ya 31 hiyo ni 21. Sasa geuza hesabu: ukiwa na watu 11 waliokataa, mswada wowote umekufa, hata kama wengine 20 wanaupenda, hata kama gavana anaupenda.

Katika kikao chake cha kwanza ulikuja mswada wa kubana uandikishaji wa wapiga kura, ambao ungewapunguza watu wa aina ya waliomchagua. Jordan hakusimama kuulaani. Alichukua orodha ya majina, akawaendea maseneta mmoja mmoja, kila mmoja na lugha yake: huyu anadaiwa fadhila, yule ana Wameksiko wengi kwake, mwingine haelewani na mwenye mswada. Alipopata kumi, yeye akiwa wa kumi na moja, alimwendea mwenye mswada akamwonyesha kwamba kura anazo. Hakuna hotuba wala mwanahabari. Mswada haukujadiliwa hata siku moja. Mwulize binti, video ya tukio hilo utaipata wapi? Haipo. Ndiyo maana vitabu vya shule vinaliruka.

Aliwafuata pia waliomwona kama mgeni asiyealikwa. Dorsey Hardeman, mhafidhina aliyezijua kanuni za Seneti kama imamu anavyoijua Fatiha, alikuwa miongoni mwa aliowajengea urafiki. Kwenye karamu zao alipiga gitaa na kuimba nao. Kikao cha kwanza kilipokwisha, maseneta walipitisha azimio la kumsifu. Kura ya bahati ilikuwa imempa muhula wa miaka miwili, maana baada ya mipaka kuchorwa upya maseneta huvuta kura ya bahati kuamua nani apate miwili na nani minne. Mwaka 1968 akachaguliwa tena kwa miaka minne.

Ukiniuliza matunda, nitataja sheria ya kwanza ya Texas ya kima cha chini cha mshahara. Ilitungwa kwa ajili ya watu ambao sheria ya taifa iliwaruka, kama wafua nguo na vibarua wa mashambani. Wewe unayetunza wazee unaijua aina hiyo ya kazi, ile ambayo sheria hujifanya haiioni. Alipigania pia fidia kubwa zaidi kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Machi 1972 wenzake walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, cheo kinachomweka kwenye mstari wa urithi wa ugavana. Tarehe 10 Juni 1972, gavana Preston Smith na naibu gavana Ben Barnes wakiwa nje ya jimbo kwa mpango, alishika ugavana wa Texas kwa siku moja. Hadi siku hiyo hakuna mwanamke Mweusi aliyekuwa amewahi kushika nafasi hiyo katika jimbo lolote la Marekani. Baba yake alikuja Austin kumwona. Mzee aliugua siku ileile akapelekwa hospitali, na kesho yake akafariki. Yule karani wa ghala aliyemlipia binti yake ada ya Boston alikuwa amemwona akikaa kwenye kiti cha gavana.

Nisikufichie upande mwingine. Baada ya sensa ya 1970 mipaka ilichorwa tena, na safari hii Jordan alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyohusika na viti vya Washington. Ikachorwa Wilaya ya 18, katikati ya Houston, iliyomkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Wakati huohuo wilaya yake ya zamani ya Seneti ikachorwa kwa namna iliyopunguza nguvu ya kura za Weusi. Mwakilishi Mweusi wa Houston, Curtis Graves, alimshutumu hadharani kwamba ameuza kiti cha watu wake ili ajipatie kiti cha Washington. Akagombea dhidi yake kwenye mchujo wa 1972. Jordan akamshinda vibaya sana. Kushindwa kwa Graves hakujibu hoja yake, na mimi nadhani alikuwa na hoja. Mwanamke aliyeingia bungeni kwa sababu mahakama ilizuia wakubwa kujichorea ramani alikuwa sasa amekaa mezani na wakubwa, penseli mkononi. Binti aandike hili pia. Mwalimu mzuri atampa alama.

Washington nitapita haraka, maana ndiko kote wanakosoma. Alimwomba ushauri Lyndon Johnson, rais mstaafu na Mteksasi mwenzake, juu ya kamati ya kuomba, naye akamsaidia kuingia Kamati ya Sheria ya Bunge. Ikawa ndiyo kamati iliyoshughulikia mashtaka ya kumwondoa Rais Nixon madarakani. Usiku wa tarehe 25 Julai 1974 alizungumza kwenye televisheni, dakika chache tu. Alisema kwamba Katiba ilipokamilika mwaka 1787 yeye hakuwamo katika yale maneno ya kuanzia, "Sisi, watu", na kwa miaka mingi alihisi kama George Washington na Alexander Hamilton walimwacha nje kwa makosa. Kisha akasema kwamba kwa njia ya marekebisho, tafsiri na hukumu za mahakama, hatimaye ameingizwa.

Watu huisikiliza sehemu hiyo wakasisimka kwa ile sauti. Sikilizeni tena na binti, mkihesabu vitu alivyovitaja. Marekebisho: ya 24 yaliyoanza kuing'oa kodi ya kura. Hukumu: ya Lonnie Smith, ya Reynolds dhidi ya Sims. Alikuwa anasoma njia yake mwenyewe kutoka meza ya chakula ya Fifth Ward, nyaraka kwa nyaraka. Kamati ilipiga kura 27 kwa 11 kupitisha kifungu cha kwanza cha mashtaka, na tarehe 9 Agosti Nixon akawa amejiuzulu.

Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo unaliona kwa macho yako kila uchaguzi. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, ile inayozuia watu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi, ilikuwa inafika kwenye muda wake wa kuongezwa, na Texas haikuwa miongoni mwa majimbo yaliyobanwa vikali. Jordan alishikilia iingizwe, pamoja na ulinzi wa wasiojua Kiingereza vizuri, wakati viongozi wa jimbo lake wakipinga. Ikapita 1975. Ukienda kituo cha kura Harris County ukakuta karatasi kwa Kihispania, Kivietnam na Kichina, mzizi wake uko hapo. Kiswahili bado hatujafika.

Tangu 1973 alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, multiple sclerosis, ambao hakuutangaza. Akaanza na fimbo, akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Hakugombea tena 1978. Alirudi Austin kufundisha maadili ya uongozi Chuo Kikuu cha Texas, ndicho kilekile kilichokuwa kimemkatalia Heman Sweatt, na alifundisha hadi alipofariki tarehe 17 Januari 1996. Amezikwa kwenye makaburi ya jimbo mjini Austin, Mweusi wa kwanza kuzikwa pale.

Kuna jambo moja la mwisho wa maisha yake ambalo wewe kama mhamiaji huenda litakukera, na nisipolisema nitakuwa nimekupamba hadithi. Katika miaka ya 1990 aliongoza tume ya taifa ya kurekebisha uhamiaji. Mwaka 1995 tume ilipendekeza wahamiaji halali washushwe hadi kama 550,000 kwa mwaka: familia za karibu 400,000, wenye ujuzi 100,000, wakimbizi 50,000. Jumlisha uone kama kuna nafasi iliyobaki kwa ndugu wa tumbo moja au kwa ile bahati nasibu ya viza ambayo nyumbani tulizoea kuijaza kwenye vibanda vya intaneti. Haipo. Bunge halikuufuata mgao huo. Alisema wakati huohuo kwamba waliokwisha kuingia kihalali wasaidiwe kuwa raia. Wanaopinga uhamiaji humtaja hadi leo, na wanaoutetea hutaja ile hotuba ya 1974, kila mmoja akidhani anamjua.

Kwa kazi ya shule, nyaraka zake zimehifadhiwa Texas Southern University, hapo hapo mjini kwenu, Third Ward. Asianze na hotuba. Atafute ramani ya Seneti ya Texas ya kabla ya 1965 na ile ya baadaye, aziweke pembeni kwa pembeni, na achukue kikokotoo kilekile.